Kibanzi cha Mkwe

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Ni mwanamume mrefu, mkavu, amevaa koti la kaki la karakana, na kwenye mfuko wa kifuani, pale ambapo wewe ungechomeka kalamu, yeye amechomeka tupa ndogo ya kusugulia chuma. Akifika kwako habishi hodi mara moja kama watu wengine. Anasimama, anaitazama bawaba, anausukuma mlango kwa kidole, anausikiliza, ndipo anasema hodi. Ukimkaribisha ndani, nakusihi usimkalishe mbele ya picha iliyotundikwa kombo. Atajibu salamu, atauliza watoto hawajambo, atapokea chai, lakini macho yatabaki ukutani na chai itapoa. Wanaomjua humwambia tu, "Nenda kainyooshe, bwana, urudi tunywe." Aliwahi kunyoosha picha msibani, ya marehemu mwenyewe, na wafiwa wakamshukuru.

Mtaani anaitwa Karatasi. Jina hilo limetokana na kazi, na kazi yake ni fundi bunduki.

Usishtuke. Bunduki anazotengeneza ni za watu wa klabu ya shabaha, watu wazima wenye leseni zao, ambao siku za mapumziko hulala kifudifudi kwenye mikeka na kutoboa makaratasi yaliyochorwa duara. Pale uwanjani hakuna kinachouawa isipokuwa muda. Bunduki zenyewe ni za komeo, zile unazofungua na kufunga kwa mkono kama mlango wa choo, risasi moja baada ya nyingine, bila haraka.

Sasa bunduki ya namna hiyo mtutu wake hulala juu ya mbao, ndani ya mfereji uliochongwa. Ukimpelekea fundi wetu bunduki, kabla hajakuuliza ina shida gani, huchukua kipande cha karatasi na kukipitisha katikati ya chuma na mbao, kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Kikipita kote bila kukwama, mtutu uko huru. Kikikwama, basi mbao imeugusa mtutu. Na chuma kikishapata moto hutanuka, mbao nayo ikivimba kwa unyevu haina adabu. Itausukuma mtutu pembeni kidogokidogo, na kila risasi itatua mbali kidogo na mwenzake. Risasi ya kwanza katikati, ya pili jirani, ya tatu kwa jirani wa jirani. Watu wa klabu husema bunduki hiyo inatembea.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Dirisha lina nondo, kabati la chuma lina kufuli mbili, leseni iko ukutani ndani ya fremu, na fremu, nadhani sina haja ya kukuambia, imenyooka. Kwenye benchi pana jiliwa la kubania vyuma, lililovikwa ngozi midomoni lisikwaruze chuma cha watu. Pananuka mafuta na unga wa mbao. Katika chumba hicho, tangu alipokifungua, hajawahi kuitoa bunduki ikiwa mbaya kuliko ilivyoingia. Hilo ndilo alilokuwa akijivunia, kimyakimya, maana kujisifu hakumudu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu: baba mkwe wake.

Baba mkwe wake tutamwita kama mtaa unavyomwita, Mzee Mita. Alitumikia idara ya maji hadi kustaafu, akitembea nyumba kwa nyumba kusoma mita, na inasemekana aliweza kuisoma mita iliyo ndani ya shimo, yenye utandu wa buibui, bila kuinama. Jicho lake lilikuwa jicho kwelikweli. Klabuni kila mwaka huchaguliwa watu wanne wa timu, na mwaka ambao Mzee Mita hakuwamo haukumbukwi na mtu. Wengine walikuja na kuondoka. Yeye alikuwamo kama nguzo. Na tangu alipostaafu, kusema ukweli, hapakuwa na mahali pengine duniani alipokuwa akisubiriwa.

Karatasi alipokwenda kuposa, mzee alimuuliza, "Unafanya kazi gani, kijana?"

"Fundi bunduki, mzee."

"Aa! Kumbe mwenzetu. Unapiga shabaha wapi?"

"Sipigi, mzee. Natengeneza tu. Napiga za kupima, bunduki ikiwa imelazwa kwenye vifuko vya mchanga."

Mzee akamgeukia mkewe. "Tumepata mpishi asiyekula."

Binti alitolewa, harusi ikafanyika, wajukuu wakapatikana. Neno lilibaki palepale. Mtu akiuliza habari za mkwe, Mzee Mita hujibu, "Kijana mzuri. Mpishi. Lakini hali." Na bunduki yake hakuwahi kumpa aitengeneze. Bunduki ya Mzee Mita haikuguswa na mtu, sawa na mswaki.

Ndipo siku moja, wiki chache kabla ya timu kuchaguliwa, mzee akaingia karakana na bunduki ndani ya mfuko wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pete ya mkanda imelegea. Ikaze."

"Nitaitazama yote, baba."

"Pete," mzee alisema. "Inatosha."

Pete ilikazwa kabla mzee hajafika kona ya barabara. Shida ilikuwa ni ile mikono miwili iliyobaki bila kazi mbele ya bunduki ya mkwe. Karatasi alijizuia. Alifagia. Alipanga tupa ambazo zilikuwa zimepangwa. Kisha akasema atapitisha karatasi tu, kupitisha karatasi si kutengeneza. Akapitisha, ikakwama karibu na mdomo, upande wa kushoto.

Mfikirie mtu wa watu. Ni kama mkweo amekuja kwako kafunga vifungo vya shati kombo, halafu akuambie umwangalie viatu. Na huenda alifikiri pia, sitamsingizia lakini huenda, kwamba hii ndiyo siku ambayo mpishi angeonjwa mapishi yake. Aliufungua mtutu, akaukwangua mfereji mpaka karatasi ikateleza kama kwenye siagi. Pale chuma kinapokalia mbao akamimina gundi ngumu kisicheze. Mdomo wa mtutu akaukata upya kiasi cha unywele. Akaenda uwanjani, akailaza kwenye mchanga, akapiga za kupima, akarudi nyumbani na shabaha mkononi.

"Unaona nini hapo?" akamuuliza mkewe.

Mkewe alikuwa anachambua mchele. "Tundu."

"Ni risasi tano hizo."

"Nyingine ziko wapi?"

"Zote zimo humo humo. Kifungo cha shati kinazifunika."

Mkewe akaliangalia tundu, kisha akamwangalia mumewe. "Baba alikuambia ufanye hivyo?"

"Aliniambia pete."

"Ee."

"'Ee' maana yake nini?"

"Ee ni ee, baba watoto. Sogeza taa."

Bunduki ilirudishwa kwa mwenyewe. Fundi hakusema kitu. Alitaka mzee akajionee mwenyewe uwanjani, aje mbio.

Mzee alikuja, ila si mbio. Alisimama mlangoni na mfuko wa bunduki begani, akakataa kiti.

"Nilikuletea pete."

"Ndiyo, baba."

"Pete imekaza?"

"Imekaza, baba."

"Na nini kingine?"

Karatasi akaeleza. Alieleza mfereji, gundi, mdomo wa mtutu. Alieleza vizuri sana. Kwa kazi yake hakuwa na kigugumizi. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatoa mfukoni shabaha iliyokunjwa, akaikunjua juu ya benchi. Matundu yalianzia katikati, yakaondoka kwenda kushoto, moja baada ya jingine, kwa mstari, kama watoto wa shule wanaovuka barabara. La mwisho lilikuwa karibu kutoka nje ya karatasi.

"Nahodha ameiona," mzee alisema. "Unajua ameniambia nini? Ameniambia, 'Mzee wetu, umefanya mengi, labda mwaka huu upumzike.' Mimi! Nipumzike nimechoka nini?"

"Baba, haiwezekani. Hii bunduki sasa haitembei."

"Basi hayo matundu yamekwenda yenyewe kushoto kununua chumvi."

Nahodha ndiye kiongozi wa timu, mtu wa makamo, mwenye sauti kubwa na roho nzuri, na alichosema alikisema kwa upole. Ndiyo maana kiliuma. Keshoyake Karatasi alifuatana na mkwewe uwanjani. Akaketi nyuma yake, akamtazama. Mzee akalala, akapiga, matundu yakaenda kushoto. Karatasi akaomba bunduki, akailaza kwenye mchanga, akapiga. Tundu moja. Mzee akalala tena. Kushoto. Watu wakaanza kukohoa na kutazama mawingu, kama watu wanavyofanya wakimhurumia mtu mzima.

Jioni alimsimulia mkewe. Alisema bunduki ni nzima, jicho la mzee ni zima, mikono haitetemeki, na bado risasi zinatembea. Hajawahi kuona ugonjwa ambao hauko kwenye bunduki wala kwa mtu.

Mkewe akacheka.

"Nini?"

"Nakumbuka geti la kwetu. Lilikuwa linaburuza chini. Kulifungua, sharti ulinyanyue kwanza, usukume na goti. Kaka akaleta fundi, likanyooshwa, likawa linafunguka kwa kidole. Baba siku ya kwanza alilinyanyua vilevile na kulisukuma na goti, likaenda kujibamiza ukutani, bawaba ikapinda. Mpaka leo analinyanyua."

"Anajua kwamba analinyanyua?"

"Ukimwambia anakuwa mkali. Anasema yeye analifungua tu."

Karatasi akaacha kula. Miaka yote ile, bunduki ilipokuwa ikitembea kwenda kulia, mzee alikuwa akitembea nayo kwenda kushoto. Risasi ya kwanza katikati, ya pili kushoto kidogo, ya tatu zaidi. Shingo yake ilikuwa imeujua mwendo wa ule mtutu jinsi mume anavyoujua mwendo wa mkewe kwenye korido gizani. Mbao ilisukuma, shingo ikarudisha, na matundu yakatua katikati. Fundi alimwondoa mmoja. Mwingine akabaki anacheza peke yake.

Kumweleza baba mkwe jambo kama hilo si sawa na kumweleza mteja. Karatasi alizunguka. Alianzia kwenye hali ya hewa, akapitia chuma na joto, akaligusa geti kwa mbali, akalikimbia. Mzee alimkatiza.

"Unasema nalenga pembeni."

"Sisemi hivyo, baba. Nasema labda mwili, wenyewe, bila wewe..."

"Mimi nalenga katikati. Tangu lini mtu akalenga pembeni akapata katikati?"

"Ndiyo, baba."

"Rudisha."

"Nirudishe nini, baba?"

"Ulichotoa."

"Baba, nilichotoa ni kosa."

Mzee akamkazia jicho lile la mita. "Kosa hilo lilikuwa lako?"

"Hapana, baba."

"Basi rudisha cha watu."

Hapo ndipo fundi wetu alipoingia matatani. Alijaribu kusema kwamba mzee angeweza kujizoeza upya, taratibu. Mzee akajibu kwamba timu inachaguliwa mwezi huu, na shingo yake haina tena umri wa kupelekwa shule. Hilo lilikuwa kweli. Akikosa nafasi mwaka huu, hakuna ambaye angempa mwakani. Kijana mwingine angechukua mahali pake, na nguzo ikishang'olewa, shimo lake hufukiwa upesi.

Karatasi akarudi karakana kutafuta kosa. Kwanza alifikiria zile takataka za mbao alizokwangua mferejini. Akamuuliza mkewe kama bado zipo.

"Zile za kwenye kikopo? Nilikokea moto." Akafikiri. "Kumbe kosa la baba tumelipikia chai."

Msomaji wangu, kunyoosha kitu ni kazi, lakini kukipinda kilivyopindika zamani ni kazi ya kumtia mtu wazimu. Kilichonyooka kina namna moja tu ya kunyooka. Kilichopinda kina namna zake elfu. Alichonga kibanzi cha mbao ngumu, akakiingiza mferejini kando ya mtutu, akaenda kupima. Risasi zikapanda juu. Akachonga cha mbao laini. Zikatembea kulia, vizuri, kisha zikakata tamaa zikarudi. Kingine kiliifanya bunduki iruke kama mbuzi. Na hakuwa na kielelezo cha mwendo wa zamani, kwa kuwa shabaha zote za zamani za mzee zilikuwa na matundu katikati, yaani hazikusema lolote. Alichokuwa nacho ni ile karatasi moja ya aibu, yenye matundu yanayokwenda kushoto. Akaibandika kwenye kioo cha dirisha, uso ukiangalia nje, mwanga ukapenya matundu, na kushoto kukawa kulia. Basi akawa anachonga, anapima, anarudi kusimama dirishani kulinganisha, mwenye duka la vioo akimchungulia na kutikisa kichwa.

Kibanzi kilichofaa hatimaye alikitoa kwenye rula yake ya mbao, ile anayoitumia tangu alipojifunza kazi. Hakuna mbao nyingine iliyokuwa kavu na yenye nyuzi sawasawa kiasi kile. Aliipasua kwa urefu, akaitazama kidogo, akaendelea. Kipande kimoja alikichonga kikawa chembamba kama kijiti cha meno, akakibana ndani ya mfereji upande wa kushoto, mahali ambapo hata ukiinama hukioni. Kipande kingine akakirudisha kwenye droo. Akaenda uwanjani, akailaza bunduki kwenye mchanga. Risasi zikatembea kulia, kwa mstari, kama watoto wa shule wanaorudi nyumbani.

Mzee alipoipokea aliuliza swali moja. "Kilekile?"

"Pacha wake, baba."

Siku ya kuchagua timu upepo ulikuwa mdogo. Vijana walipiga vizuri. Mzee Mita akaitwa wa mwisho, nadhani walipanga hivyo ili wengine wawe wameshaanza kuondoka asionekane sana. Akalala kwenye mkeka, akakohoa, akafunga komeo. Karatasi alikuwa amesimama nyuma kabisa, mkono mfukoni, akiishika tupa yake. Hakuangalia shabaha, aliangalia shingo. Na sasa kwa kuwa alijua, aliiona: baada ya kila mlio, ile shingo nyembamba ilisogea kiasi cha unywele kwenda kushoto, bila mwenyewe kuwa na habari.

Shabaha ilipoletwa, Nahodha aliipokea, akaigeuza, akaigeuza tena kana kwamba matundu mengine yako nyuma. Yote yalikuwa katikati. Hakukuwa na kijana aliyeyafikia.

"Mzee!" Nahodha alipaza sauti. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa unapiga nyasi! Umekunywa nini?"

Mzee Mita alisimama, akajipangusa magoti polepole. Watu wakamsogelea. Akanyoosha mkono, akamwonyesha Karatasi kule nyuma.

"Muulizeni mkwe wangu yule. Ndiye aliyeitengeneza. Fundi kwelikweli."

Mbele ya watu. Maneno aliyoyangoja tangu siku ya posa yalisemwa kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Karatasi aliinamisha kichwa, akasema ahsante, baba. Wakampongeza, wakampiga mabega. Katika maisha yake yote ya ufundi alikuwa ameiharibu bunduki moja tu, na ndiyo iliyomletea sifa.

Ningeweza kukuachia hapo, uende ukalale na raha zako. Lakini wiki iliyofuata Nahodha aliingia karakana, na mfuko wake begani. Mzee Mita naye alikuwamo. Siku hizi huja kukaa kwenye stuli iliyo kando ya jiliwa, anasema hewa ya pale ni nzuri. Nahodha akaitoa bunduki yake, akailaza kwenye benchi.

"Fundi, nataka kama ya mzee. Kilekile ulichomfanyia, usipunguze kitu."

Karatasi akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya chuma na mbao. Kikapita kuanzia mdomoni hadi mwisho, bila kugusa popote. Bunduki ile aliitengeneza mwenyewe mwaka juzi.

"Hii haina ugonjwa, Nahodha."

"Ya mzee ilikuwa na ugonjwa, ukaitibu, sasa inatushinda sisi wazima. Mimi nataka dawa hiyohiyo. Au ni ya wakwe tu?" Akacheka, akamgeukia mzee. "Mzee wangu, hebu niambie wewe. Alikufanyia nini hasa?"

Mzee Mita aliangalia dari. Aliiangalia kwa makini, kama mita iliyo mbali.

"Muulize mpishi," alisema.

Nahodha akarudisha macho kwa fundi, akangoja, uso umejaa tumaini. Kwenye droo, chini ya mkono wa kulia wa Karatasi, nusu ya ile rula bado ilikuwapo. Akisema kweli, kabla ya jua kuchwa klabu nzima itajua kwamba Mzee Mita hajalenga katikati maisha yake yote. Akinyamaza na kuichonga ile nusu, atakuwa ameiharibu bunduki nzima kwa mkono wake, ya mtu aliyemwamini. Na akikataa tu bila sababu, watasema fundi ana choyo, anawatengenezea ndugu peke yao.

Mzee yuko kwenye stuli, bado anaangalia dari. Nahodha anangoja. Wewe ungekuwa ndiye uliyesimama nyuma ya benchi lile, ungemjibu nini?